Kiporo cha Ndovu

Hapo zamani za kale, tegeni masikio, ndovu walikuwa na chama cha wabeba mawe, na nyati walikuwa na chama cha wasafisha njia. Karibu nao aliishi Bi Sange, mnyama mdogo anayeenea kiganjani, mwenye pua ndefu na mbio za ajabu.

Siku moja jiwe liliwaponyoka ndovu. Puu! Likaziba shimo la Bi Sange, na watoto wake watatu wamo ndani.

Bi Sange akawakimbilia ndovu akilia. Mkubwa wao akamweleza kwa upole kuwa wao hushughulikia mizigo tu, na jiwe likishagusa ardhi si mzigo tena, ni kizuizi. Akaenda kwa nyati. Nao wakasema kizuizi ni kitu kilicho njiani. Kilicho juu ya nyumba ya mtu ni paa, na mapaa hawayagusi.

Sauti za watoto zilikuwa zinafifia. Bi Sange akajibanza karibu na ndovu, akasikiliza wanavyosemezana kazini. Akagundua kuna neno wanaloliogopa: kiporo. Kwa ndovu, kiporo ni mzigo ulioachwa njiani, na ni mwiko kunywa maji kabla hakijaondolewa. Kwa nyati, kama kwenu ninyi, kiporo ni chakula cha jana tu.

Akarudi mbio kwa nyati. "Ndugu zangu," akanong'ona, "pale kwenye jiwe la ndovu pana kiporo."

Nyati, ambao hawajala tangu asubuhi, wakatimua vumbi huku wakiitana: "Kiporo! Kwenye jiwe la ndovu kuna kiporo!"

Ndovu walikuwa mtoni wanakunywa. Wakasikia, wakatema maji. Wakaja du, du, du, nyuso chini kwa aibu, wakaunganisha mikonga, na jiwe likapaa kama ungo mtupu.

Watoto wakachomoka, mmoja, wa pili, wa tatu. Bi Sange akawakumbatia, lakini macho yake yalibaki kwenye lile jiwe. Machozi yake hayakulitikisa hata kidogo, na sasa neno moja la jikoni limelinyanyua juu ya miti. Alistaajabu mpaka akaogopa.

Nyati wakachungulia shimoni. "Mama, kiporo kiko wapi?"

"Ndovu wamekiondoa," akajibu Bi Sange.

Tangu siku ile nyati huwanunia ndovu, wakidhani walikula peke yao.

Basi wanangu, ukitaka wakubwa wakusikie, jifunze kwanza lugha ya kazini kwao.