Kiapo Kilichopungukiwa na Ji

Tegeni masikio, na mwenye kiu avumilie, kwa sababu hata wanyama wa kisa hiki walikuwa na kiu. Mvua ilikuwa imelisusa Bonde la Mkwaju, mto ukabaki jina tu. Kitu pekee ambacho hakikuwa kimekauka ni kiapo.

Kiapo hicho kilizaliwa na aibu. Zamani wanyama wa bonde walivuka mlima kwenda kupigana vita visivyowahusu. Waliuawa wengi, wakaua wengi zaidi. Waliorudi waliapa kwamba pembe na miiba yao haitavuka mlima tena, na kila mwaka walisimama pamoja wakatamka neno moja: "Tutajilinda." Wakishalitamka, walirudi nyumbani kula.

Sasa Simba, mfalme wa ng'ambo ya mlima, aligombana na Nyati kwa ajili ya bwawa. Kwa kiburi chake hakuomba msaada. Alituma salamu kwamba anawapa wanyama wa bonde heshima ya kumsaidia, na kwamba watakaomsaidia watakunywa. Alichokitaka hasa ni miiba ya nungunungu.

Fisi, msemaji wa baraza, aliposikia habari hizo mate yalimdondoka, wala si kwa ajili ya maji. Penye vita hapakosi mizoga.

"Ndugu zangu," aliliambia baraza, "kiapo hatukivunji. Tunakipunguzia uzito tu. Badala ya 'Tutajilinda', tuseme 'Tutalinda'. Tumeondoa nini hapo? Ji! Herufi mbili, kitu kidogo ambacho hata mwenye pengo hakitamki vizuri."

Baraza likacheka, na baraza lile likishacheka huwa limekubali. Ikatangazwa kwamba kiapo kipya kitaapwa mwezi ukiandama.

Sungura hakucheka. Jirani yake, Bi Nungu, alikuwa na wanawe wawili, na askari wa Fisi walikuwa wameshawapima miiba.

"Jirani, si wewe ndiye husemwa una akili?" Bi Nungu alimwambia. "Basi leo zitumie. Sikuwazaa watoto hawa waende kukanyagwa na Nyati kwa sababu ya bwawa la Simba."

Sungura akajipiga kifua. "Niachie mimi, Bi Nungu."

Kauli hiyo ndiyo iliyomponza. Aliunda Umoja wa Wapenda Utulivu, na mkutano wa kwanza ukavunjika kwa makelele. Swala alilikataa jina. Ngiri alikuja kwa sababu alisikia kutakuwa na viazi. Ikaundwa kamati ya kumtafuta mwenyekiti, na Sungura, aliyeiongoza kamati hiyo, akatafuta kwa bidii mpaka akajipata. Alitoa hotuba ndefu kiasi kwamba mwenyewe alipiga miayo katikati. Hata hivyo, kila akilala aliota amejengewa jiwe la kumbukumbu, nalo lilikuwa na masikio marefu.

Kazi ya bango alipewa Kobe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ila hakujua kukadiria nafasi.

"Andika TUNAJITAWALA," Sungura alimwagiza. "Herufi kubwakubwa, Simba ajue hatutumwi na mtu."

Siku ya kiapo Umoja ulijipanga mbele ya baraza, na haukufika hata nusu ya waliosema watakuja. Kobe alifika mwisho, jasho likimtoka, akiburura gome la mti. Sungura alilinyakua, akaliinua juu bila hata kulitupia jicho.

"Someni wenyewe!" alipaza sauti.

Wakasoma: TUNATAWALA.

Wanyama wakavunjika mbavu. "Mnamtawala nani, nyie?" mmoja aliuliza. "Hata viazi vya Ngiri vimewashinda!"

"Gome liliisha, Mwenyekiti," Kobe alinong'ona. "Nikaona nipunguze pale padogo."

Sungura alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ameahidi kuwaokoa watoto wa watu, na sasa hata neno moja limemshinda. Fisi naye aliruka juu ya jukwaa.

"Uhaini!" alifoka. "Mmeona? Wanataka kulipindua baraza! Wakamatwe wote, na vijana wa Bi Nungu waondoke leo hii!"

"Mheshimiwa, si uhaini!" Sungura alijitetea huku magoti yakigongana. "Imekosekana ji tu! Herufi mbili!"

"Ji tu? Unanifanya mtoto mdogo?" Fisi alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma kabisa. "Anayejitawala anakaa kwake. Anayetawala anawakalia wengine! Hiyo ji ndiyo inayomtenganisha raia mwema na mvamizi!"

Kicheko kikakatika. Sungura alikuwa ameshafumbua kinywa aombe radhi, akabaki nacho wazi. Aliona haya kwamba wazo lile halikutoka kichwani mwake, lakini hakuwa na haya ya kumzuia kulichukua.

"Rudia, Mheshimiwa," alisema polepole. "Ji inamtenganisha nani na nani?"

Bi Nungu akasimama, miiba imemsimama yote, akajiweka mbele ya wanawe.

"Basi turudishieni ji yetu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Atakayekuja hapa atatukuta. Huko hatuendi."

"Tutajilinda!" mmoja akaitikia. Kisha wote.

"Kama hamniamini, basi najiuzulu!" Fisi alisema, akingoja kubembelezwa.

"Haiwezekani," alisema Kobe, ambaye akili yake ndiyo kwanza ilikuwa imeyafikia mazungumzo. "Wewe ulisema ji ni kitu kidogo, kwa hiyo kwako tumeiondoa. Huwezi kujiuzulu."

"Kwa hiyo nibaki?"

"Hapana. Tunakuuzulu sisi."

Fisi alikimbilia ng'ambo kwa Simba. Simba, aliyekosa miiba, alimpa heshima ya kusimama mstari wa mbele, na Fisi hakuonekana tena.

Kiu haikuisha siku ile. Wanyama walichimba kisima katikati ya mto mkavu, kazi ambayo Umoja ungeianza zamani kama kamati ya mahali pa kuchimba ingekubaliana. Maji yalitoka ya matope. Wakanywa hivyo hivyo, na wana wa Bi Nungu wakanywa pamoja nao.

Sungura alimweleza kila aliyekuja kisimani kwamba mambo yote aliyapanga yeye, bango na kila kitu.

"Hata yale magoti kugongana uliyapanga?" Bi Nungu alimuuliza.

Sungura akaligeukia bango. Lilikuwa bado limesimama pale karibu, na Kobe alikuwa amepata kipande cha gome na mkaa. Akauliza kama ni lazima airudishe ile ji, maana wanyama walikuwa wamelizoea bango lilivyo.

Sungura alilisoma tena: TUNATAWALA. Akalisoma kwa mara nyingine, na masikio yakaanza kumsimama yenyewe.

"Irudishe," alisema. "Na uharakishe, Kobe, kabla sijaanza kuliamini."