Pimbi Ateremka Mlima Bila Breki

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wanapanda baiskeli na hakuna anayewashangaa, palikuwa na mlima ukiitwa Kivumbo. Nyuma ya mlima huo kulikuwa na pango. Pango kavu, wanangu! Jua la asubuhi lilifika mpaka ndani, na mvua ikinyesha hata tone halipenyi.

Kila masika wanyama walilipigania pango hilo kwa pembe na meno. Mwaka mmoja Bi Kanga, mwamuzi wao, akachoka kufunga vidonda.

"Basi!" akasema. "Mwaka huu tutashindana kwa baiskeli. Mtapanda upande huu, mtateremka upande ule. Wa kwanza kugusa ukuta wa pango akiwa na baiskeli yake, ni lake masika yote."

"Na sheria iwepo," akanguruma Nyati. "Atakayevutwa au kusukumwa na mwenzake, ametoka! Sitaki hivi vidogo viungane vinisumbue."

Akasema hivyo huku akimtazama Pimbi.

Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kama andazi, hana mkia. Aliishi na mama yake kwenye shimo chini ya jiwe. Masika maji yaliingia humo, na mama akakohoa, kho! kho! kho! mpaka kunakucha. Masika yaliyopita nusura Pimbi amzike. Kwa hiyo Pimbi hakushindana ili asifiwe. Alitaka mama yake alale pakavu.

"Mwanangu," mama akamwambia asubuhi ya mashindano, "hiyo baiskeli ya marehemu mjomba wako imejaa kutu. Breki zinashika?"

"Zinashika, mama. Wewe niombee tu."

"Nimeshakuombea. Nenda na Mungu."

Wakajipanga watatu: Nyati, Ngiri na Pimbi. Bi Kanga akapiga kelele, "Kwereee!" Wakaondoka.

Ngiri hakufika mbali. Alipita juu ya mwiba, pshiii! Tairi likalala. Hakuwa na kiraka wala pampu, basi akafanya kama wasafiri wengi wafanyavyo: akalijaza tairi majani makavu, akashindilia, akapanda tena. Lakini jua likawa kali, njaa ikamshika, na yale majani yakanukia vizuri. Akashuka. Akaonja kidogo. Akaonja tena. Alipoinua kichwa, tairi lilikuwa tupu.

"Ah, yamekwisha," akasema Ngiri, akaenda kwa miguu mpaka pangoni, alikotangulia Bi Kanga, kwa njia inayozunguka mlima.

Huko mbele Nyati alipanda kwa nguvu zake zote. Kila alipokanyaga pedali, baiskeli ililia, ngiiii! Karibu na kilele akakanyaga kwa hasira, na kacha! Cheni ikakatika vipande.

Pimbi alikuwa nyuma yake, anahema. Kufika kileleni akashika breki asimame, na twii! Waya ukakatika. Akashika breki ya pili. Twii! Nayo ikaenda. Akaingia kwenye kichaka cha miba, ndipo akasimama.

Alipotoka akachungulia mteremko. Lo! Mawe, kona, na korongo upande wa kushoto. Ukishuka hapo bila breki, wanaokuja kukuokota waje na kikapu. Na ukishuka kwa miguu, Nyati ataserereka na breki zake nzima mpaka chini, kisha ataikimbiza baiskeli yake, na pango litakuwa lake. Pimbi akamfikiria mama yake. Kho! kho! kho!

Akamkuta Nyati ameinama juu ya cheni.

"Shikamoo mjomba."

"Mjomba wako nani, wewe kiazi? Marahaba."

"Cheni imekatika?"

"Huoni? Lakini usifurahi. Mteremko hauhitaji cheni."

"Kweli kabisa. Ila mteremko ukiisha kuna ile tambarare ndefu ya nyasi. Hapo utafanyaje, mjomba? Utaisukuma baiskeli?"

Nyati akaitazama cheni. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Mimi cheni yangu ni nzima," Pimbi akaendelea, akisimama hivi ili vile vipande vya waya visionekane. "Tufunge kamba. Nitakukokota kwenye tambarare."

"Wewe? Unikokote mimi? Ha!"

"Baiskeli ina magurudumu, mjomba, wewe huko nyuma umekaa tu."

"Na ile sheria?"

"Huku juu nani anatuona?"

Mungu anaona, wanangu. Lakini hilo Pimbi hakulitaja siku ile.

Nyati akawaza moyoni, "Kajinga haka. Katanivuta mpaka karibu na pango, halafu nitakapiga pembe kaangukie huko." Kwa sauti akasema, "Sawa, tutafunga kamba tukifika chini."

"Chini? Si Bi Kanga atatuona tukifunga! Tufunge hapa hapa. Kule nyasi ndefu zitaificha."

"Haya, funga."

Pimbi akafunga kamba kwenye keria yake, na ncha ya pili kwenye usukani wa Nyati. Akavuta mara mbili kujaribu. Ilikuwa imara.

"Neno moja, mjomba. Wewe mzito, mimi mwepesi. Ukija kasi utanikanyaga, na ukinikanyaga nani atakukokota huko chini? Kwa hiyo ukiona naenda, wewe shika breki."

"Usinifundishe baiskeli. Twende!"

Wakateremka. Gurudumu la Pimbi likaanza polepole, tiki tiki tiki, kisha likashika kasi, tikitikitikiti!

"Breki, mjomba!"

Kriiii! Kamba ikakaza kama ngozi ya ngoma, Pimbi akapunguza mwendo.

Kona ya kwanza. "Breki, mjomba!" Kriiii! Wakapita.

Penye korongo. "Breki, breki, breki!" Kriiiiii!

"Mbona unaogopa hivyo?" akafoka Nyati. "Mikono yangu inauma!"

"Vumilia mjomba, ni kwa faida yako!"

Wakafika chini salama, mmoja na jasho, mwingine na sala midomoni. Wakaingia kwenye nyasi ndefu. Hapo Pimbi akageuka nyuma, akainamia keria, na kwa yale meno yake mawili, kwachu! Kamba ikakatika.

"Wewe! Wewe Pimbi! Unakwenda wapi?"

"Kwa mama, mjomba!"

Nyati akakanyaga pedali, zikazunguka bure, wiri wiri wiri. Akatupa baiskeli pembeni, kisha akakumbuka sheria haimruhusu kufika bila baiskeli, akairudia, akaitundika kwenye pembe zake, akakimbia nayo, kengele ikilia kri-kring, kri-kring.

Alipotokea kwenye uwazi, Pimbi alikuwa ameshagonga ukuta wa pango kwa pua.

"Nimegusa!" akapiga kelele, damu inamtoka puani.

"Ameshinda Pimbi," akasema Bi Kanga.

"Amenidanganya!" Nyati akanguruma. "Aliniahidi atanikokota mpaka hapa, akakata kamba!"

Bi Kanga akainamisha shingo upande mmoja.

"Atakukokota? Kwa hiyo ulivutwa, Bwana Nyati?"

Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato.

"Ile sheria aliileta nani?" Ngiri akauliza kutoka nyuma. "Mimi nimesahau."

Hapo Pimbi angeweza kunyamaza, na pango lingekuwa lake. Lakini moyo ukamchoma. Akasogea mbele, anafuta pua.

"Bi Kanga, ngoja. Mimi sikumvuta mjomba hata hatua moja. Breki zangu zilikatika kileleni. Mlima wote ni yeye aliyenishikilia nisianguke. Nilimwambia nitamkokota, na moyoni nilijua sitamkokota. Nimemkosea yeye na nimemkosea Mungu. Kama nimetoka, nimetoka."

Bi Kanga akaenda kwenye baiskeli ya Nyati, akakagua breki. Mipira ilikuwa imelika mpaka chuma, bado ina joto.

"Mimi?" Nyati akasema taratibu. "Mimi nilikuwa breki?"

"Breki nzuri sana, mjomba. Namshukuru Mungu kwa ajili yako."

Ngiri alicheka mpaka akakaa chini. Bi Kanga akajikaza asicheke.

"Sheria inakataza kuvutwa na kusukumwa," akasema. "Kushikiliwa na nyati kwa nyuma mlima mzima, na bado ukafika wa kwanza, hilo halikukatazwa, maana hakuna aliyeliwaza. Kwa uongo wako, Pimbi, utamtengenezea Nyati cheni na breki mpya. Pango ni lako."

Kabla jua halijazama mawingu yakajikusanya. Mama yake Pimbi akaletwa, akakaa ndani kwenye majani makavu. Upepo ukaanza kuvuma kupitia mlangoni. Kho! kho!

Nje Nyati alisimama peke yake, anatazama mawingu.

"Mwanangu," mama akasema, "yule ataloa. Mkaribishe."

Pimbi akatoka. "Mjomba, karibu kwetu. Huko ndani pembe zako zitagonga, lakini hapa mlangoni pana nafasi yako kabisa."

"Mlangoni? Pale pa mbele?" Nyati akafurahi. "Angalau una adabu."

Akalala mlangoni, akaujaza wote, pembe hadi mkia. Mvua ikashuka, shwaaa! Ndani pakawa kimya na joto. Mama hakukohoa tena.

"Pango hili ni la ajabu," Nyati akasema kwa usingizi. "Mgongo wangu tu ndio unaloa kidogo. Lakini hata upepo hauingii, umeona?"

"Nimeona, mjomba," akajibu Pimbi, akajifunika uso kwa majani, akaanza kutubu upya.

Na ninyi wanangu, Mungu akikupa nguvu, uliza kwanza kamba ni ya nini kabla hujakubali kufungwa.