Kongwe ya Shamba la Zimwi

Hadithi ninayo, masikio yenu yako wapi? Haya, yatulizeni.

Zimwi la porini lilimteka Kabula, binti wa Nyamizi. Mama akalifuata mpaka shambani kwake, ambako gugu la kongwe lilikuwa limetambaa juu ya kila tuta.

"Palilia," zimwi likasema. "Asubuhi nisipoona jani bichi la kongwe, mchukue mwanao. Ukishindwa mara tatu, namla."

Nyamizi akapalilia, akayatupa magugu kati ya matuta, kama tufanyavyo wote. Umande ukashuka, kongwe ikashika mizizi upya. Akapalilia tena, akayafukia. Kongwe ikachipua.

Zimwi likacheka. "Mama Kabula, unapalilia au unapanda?"

Mara ya tatu akaketi chini, akalia. Kongwe ikamwuliza, "Unanililia mimi?"

"Namlilia mwanangu."

Kongwe ikasema, "Mimi nami ni mama. Nikigusa udongo sifi. Nitundike mtini, jua linikaushe. Lakini kijitawi changu hiki kipeleke ng'ambo ya mpaka wa shamba."

Nyamizi akaing'oa yote, akaitundika mitini, na kile kijitawi akakichomeka nje ya mpaka. Asubuhi zimwi likapekua tuta kwa tuta. Halikupata jani bichi hata moja, likamfungulia mtoto.

Walipofika mpakani, Kabula akaona kijitawi kimetoa ua la buluu. Akainama kulichuma.

"Liache, mwanangu," mama akasema. "Mama yake amekufa ili nikupate. Huyo ni ndugu yako."

Hadithi yangu naiacha hapo, iote kwenu.