Bwawa la Kiboko Lililojaa na Kuondoka

Paukwa.

– Pakawa.

Pakawa na nini?

– Na kisiwa.

Na kisiwani?

– Kisima.

Cha nani?

– Cha wenyewe.

Haya, mwenyewe ni nani? Mnatazamana. Na mimi ninayesimulia huchanganyikiwa hapo hapo, basi tuchanganyikiwe pamoja.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kidogo, ukipiga chafya upande huu wanakuitikia upande wa pili. Kilikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Kikichukuliwa hicho, hakuna atakayebaki. Mkuu wa kisiwa alikuwa Mzee Kobe, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Jirani yake alikuwa Chanjagaa, yule kaa mdogo wa pwani, anayetembea ubavu ubavu, keche keche keche, hujui anakuja au anaondoka.

Siku moja kikafika chelezo. Juu yake alilala Kiboko, mwenyekiti wa Umoja wa Wanyama wa Bara. Njia nzima alikuwa amefumba macho kwa kichefuchefu. Akatua na katibu wake, Korongo. Wote wawili ni watu wa ziwani. Bahari hawakuwa wakiijua hata kidogo.

"Tumekuja kushirikiana nanyi," akasema Kiboko. "Umoja umeona visiwa vidogo vimesahaulika. Tutawapa maji."

"Maji tunayo," akasema Mzee Kobe.

"Ndiyo, hayo hayo. Tutachukua kisima chenu, tukipanue kiwe bwawa, mimi nikae ndani kulilinda, nanyi mpewe maji."

"Yetu?"

"Ya ushirikiano."

Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani, akafikiri, akakitoa. "Kwa hiyo sisi tunakupa maji ili wewe utupe maji."

"Umeelewa vizuri sana, mzee," akasema Korongo.

Wewe Bikombo hapo mbele, shusha mkono. Usiniulize nani anampa nani. Ngano hii naisimulia tangu sijaota mvi, na hapo sijawahi kupaelewa.

Chanjagaa aliogopa. Wanawe walikunywa maji ya kisima kile, na Kiboko akishaingia ndani, nani wa kumtoa? Lakini alikuwa amesikia jambo. Korongo aliwaeleza kwa fahari kwamba Umoja una desturi yake: neno likishatangazwa na kupigiwa makofi, halifutwi tena, hata likiwa la kijinga.

"Kabla ya makofi, mheshimiwa," akasema Chanjagaa, "karibu nikutembeze."

Keche keche keche. Kiboko akamfuata. Akidhani anakwenda mbele, kumbe anakwenda pembeni. Akajigonga kwenye jiwe, akaomba radhi kwa jiwe. Wakatokea pwani, na maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga umelala mpana, vidimbwi vinang'aa, huoni mwisho wake.

"Huku kote kwa nani?" akauliza Kiboko.

"Turudi, mheshimiwa. Huku hakuna cha maana."

"Nimeuliza, kwa nani?"

"Kwetu. Lakini nakuomba, chukua kisima, uwanja huu utuachie."

Kiboko akageuka akakitazama kisima. Kadogo, kanatosha tako moja. Akautazama uwanja.

"Kisima bakini nacho, chenu milele. Umoja unachukua uwanja."

"Mbona mchanga una majimaji?" akauliza Korongo.

"Rutuba hiyo," akasema Kiboko. "Tangaza."

Chanjagaa akalia. Alilia vizuri hata Mzee Kobe naye akalia, bila kujua wanalilia nini. Korongo akatangaza, wakapiga makofi, pa pa pa.

Kiboko akasimama katikati ya uwanja wake akaanza hotuba. Alikuwa bado anawashukuru waliohudhuria, maji yakaja. Chwaa, kwenye kwato. "Mnaona? Hatujachimba hata shimo, bwawa limeanza kujaa." Chwaa, kwenye magoti. "Hayo ndiyo maendeleo." Chwaa, kwenye tumbo. Kiboko akainama kwa furaha, akapiga funda moja kubwa.

Puuu, akatema.

"Nani ametia chumvi?"

"Sisi hatujui, mheshimiwa," akasema Chanjagaa. "Bwawa ni lenu."

"Nirudishieni kisima."

"Kimepigiwa makofi."

Kiboko akamgeukia katibu wake. Korongo akatazama miguu yake, ambayo haikuonekana tena. "Ni kweli, mheshimiwa. Tena mimi ndiye niliyeanza kuyapiga."

Kiboko akarudi bara akitapika. Sasa atasema nini kwenye kikao? Kwamba kaa mdogo kamchezea? Akasema bwawa limejengwa, kubwa, ng'ambo yake haionekani. Pa pa pa. Wakatumwa wajumbe kulikagua. Wakakuta mchanga mtupu, wakasema wenyeji wamelinywa lote. Jioni maji yakajaa, wakasema wenyeji wameona aibu, wamelirudisha. Umoja ukaamua wenyeji wawe wanashukuru.

Basi mpaka leo, kila maji yakijaa, Mzee Kobe hushuka pwani na kusema, "Asanteni sana kwa maji." Chanjagaa humngoja amalize, kisha huenda wote kisimani kunywa.

Siku moja wakiwa njiani Mzee Kobe akasimama.

"Mwanangu Chanjagaa, hivi kabla ya Kiboko, bahari hii ilikuwapo?"

Chanjagaa alitaka kucheka. Kisha akageuka akaitazama bahari, akaitazama sana, na yeye akaanza kufikiri.

Funzo lake, wanangu, ni hili: kudanganya ni vibaya. Mkubwa akija kukupa kilicho chako, mpe upesi, umshukuru kwa mikono miwili. Bikombo, unacheka nini? Chanjagaa alidanganya, na matokeo yake ni nini? Yeye na wanawe wanakunywa maji matamu kila siku, maskini.

Ngano imekupwa, mchanga huo hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa na chumvi, mpelekeeni Kiboko. Na kabla hamjaondoka pigeni makofi, isije ikafutwa.