Nyasi Zilizolala Mwambani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijiji, na kiangazi kikakikalia kitako, kisinyanyuke.

Hapo kale, wenzangu, mito ilipokauka hata vyura wakahama, alikuwapo mama mmoja, Nyamizi, mwenye mtoto mchanga na mbuzi mmoja. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekatika. Yakabaki ya mbuzi, tone, tone, tone. Mbuzi akifa, na mtoto basi.

Kijijini pale, mawingu yakionekana, watu huchoma nyasi kavu ili mvua ikija zichipue mpya. Basi yakaonekana. Wakachoma bonde lote, wuu! Nyamizi naye akachukua kigae cha makaa, akapanda mwambani, mtoto mgongoni, kuchoma zilizosalia.

Kule juu amelala Mzee Lugembe. Kazi yake kulala, na watu walimcheka mpaka mbavu ziwaume. Nyasi zimemzunguka, nyeusi, zimejikunja. Ukizigusa, kra! kra!

"Shikamoo, babu. Niondokee nichome."

"Marahaba, mjukuu wangu. Utawachomaje wenzangu nao wamelala?"

"Hizi zimekufa, babu!"

Mzee akavuta kibuyu chake. Kibuyuni mwake lilibaki funda moja la maji. Akalimimina lote kwenye shina moja.

"Kaa," akasema.

Nyamizi akakaa, usingizi ukamchukua. Akaota anatembea ndani ya maziwa, yamemfika magotini, yana uvuguvugu. Alipoamka jua limeinama, na shina lile limejikunjua, jani moja moja, kijani kibichi.

Nyamizi akalia. Makaa akayamwaga juu ya jiwe tupu. Wenziwe walipopanda na mienge, walimkuta kajilaza katikati ya nyasi, mtoto kifuani.

"Nichomeni mimi kwanza!"

Wakasonya, wakashuka.

Mvua ikaja. Ta! ta! ta! Watu wakacheza. Kumbe njaa haiondoki siku ile mvua inaponyesha! Bonde likabaki tope jeusi, bila hata jani. Lakini mwambani, asubuhi yake, kijani kitupu. Mbuzi wa kijiji kizima wakapanda, wakala, wakala, wakala.

Waliomcheka mzee wakaja vichwa chini. "Babu, tusamehe."

"Nimesamehe," akasema bila kufumbua macho. "Ila semeni polepole."

Nanyi mnaonisikiliza, msiwe wepesi wa kuzika. Kilichokauka kipeni maji kwanza, kisha ngojeni.

Jioni ile Nyamizi akakamua. Chwaa! chwaa! Mtoto akanywa, akashiba, akacheua. Hadithi yangu naiacha hapo, mtoto asije akaamka.