Bwana Ngoda Juu ya Kabichi

"Aliye juu ya mkokoteni hamfukuzi mvutaji mteremkoni." Jana kiranja wa bweni alipomtimua kijana aliyekuwa akimshikia ngazi, mpishi alitamka maneno hayo, nanyi wa kidato cha kwanza mkacheka bila kujua mnacheka nini. Hilo ni jambo la aibu. Ketini basi, wadogo zangu, mimi mzee wenu wa kidato cha nne niwafungue macho. Methali hii ilizaliwa hivi.

Huko milimani Usambara aliishi Mama Nakiete, mwenye ghala la kabichi. Kabichi zilishushwa sokoni kwa mkokoteni, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Bwana Ngoda. Usimamizi wake ulikuwa wa kukaa. Alipanda juu ya mzigo, mbele kabisa, akatukana njia nzima. Aliyechoka aliitwa mvivu, aliyeuliza aliitwa mjuaji, na aliyenyamaza aliambiwa amenuna.

Wafanyakazi walivumilia kwa ajili ya Hoza, mvutaji aliyeshika mipini. Hoza akisema twende, walikwenda. Kwa sababu hiyo Bwana Ngoda alimchukia, akawa anatafuta kisa cha kumfukuza. Hoza alilijua hilo, na kazi nyingine pale kijijini haikuwapo.

Sasa, mkokoteni hauna breki kama gari. Mvutaji huinua mipini juu, mkia ukashuka, na kipande cha tairi kilichofungwa nyuma kikakwaruza barabara. Ndiyo maana mteremkoni hakai mtu mbele: uzito wake huikandamiza mipini isiinuke.

Siku moja, mzigo ukiwa mzito kuliko siku zote, walipofika ukingoni mwa mteremko wa sokoni, Hoza alisimama, akajikita kuuzuia mzigo.

"Bosi, shuka kidogo. Tukifika chini utapanda."

"Nishuke? Tangu lini punda akamshusha mwenyewe?"

"Punda angekuwa amekwishakutupa, bosi. Mimi nakuomba."

Wenzake waliokuwa nyuma wakacheka. Kicheko hicho kilimkata Bwana Ngoda maini.

"Huna kazi," alisema. "Achia mipini, uende zako."

"Niachie hapa?"

"Hapo hapo. Kiswahili hukijui?"

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu wenzake, nao wakaitoa mikono yao mkokotenini, maana hakuna aliyetaka kuitwa mjuaji.

Hoza akawapigia kelele watu wa chini waache njia, akaachia, akaruka pembeni.

Mkokoteni uliondoka na Bwana Ngoda kwa heshima zote. Walioshuhudia walisema kwamba mwanzoni alikuwa bado anatukana, katikati akaanza kusali, na mwisho hakusema lolote, kwa kuwa alikuwa ndani ya shimo la udongo wa matofali, kabichi zikimfuata moja moja kama waombolezaji.

Mama Nakiete alikuja mbio kutoka kibandani kwake pale sokoni.

"Nani kaachia?"

"Mimi, mama," alisema Hoza. "Nilifukuzwa kazi pale juu mteremkoni."

Mama akamgeukia Bwana Ngoda, aliyekuwa akitema udongo. "Nawe ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele."

"Basi umejifukuza mwenyewe. Hoza, kuanzia leo kazi hii utaisimamia wewe."

"Nitaisimamia, mama. Ila juu sipandi. Mipini nitaishika mwenyewe."

Watu wakaanza kuokota kabichi. Mfanyakazi mmoja akamnyooshea Bwana Ngoda mkono atoke shimoni, akamwambia taratibu, bila kucheka, kama mwalimu anayesahihisha mtihani: "Aliye juu ya mkokoteni hamfukuzi mvutaji mteremkoni."