Muhuri wa Sheikh Dastagiri

Wametusimulia wema waliotutangulia kwamba katika nchi ya Wakannada, kusini mwa Bara Hindi, aliishi mja wa Mwenyezi Mungu akiitwa Sheikh Dastagiri, mfumaji wa mablanketi na mtunzi wa mashairi ya Kikannada. Desturi ya watunzi wa huko ilikuwa kutotaja majina yao. Kila mmoja aliufunga ubeti kwa jina analomwitia Mola wake, na hilo likawa muhuri wake. Muhuri wa Sheikh ulikuwa "ewe Mwenye kunipa kiu", na hakuna mtunzi mwingine aliyethubutu kuugusa.

Uzee ukaja, na kumbukumbu zikaanza kumponyoka. Siku moja, akitoka msikitini baada ya adhuhuri, aliwasikia wanawake wapita njia wakiimba:

"Umenisaga, nikadhani umenichukia;
kumbe wataka niwe mkate wa mgeni wako,
ewe Mwenye kunipa kiu."

Sheikh akaduwaa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Muhuri ni wake, lakini maneno hakuyakumbuka. Akawauliza sahibu zake, wakacheka. "Sheikh, nani mwingine? Ubeti huu unaimbwa kila kijiji!"

Habari zikamfikia liwali. Aliupenda ubeti ule mno, akaazimia kumfanya Sheikh mwalimu mkuu wa madrasa yake, cheo alichokitamani Sheikh tangu ujanani. Masikini, usingizi ukampaa. Nikikubali nisichotunga, aliwaza, nimeiba. Nikikana nilichotunga, nimekufuru neema. Akaomba dua, akarudia kuomba, na bado kichwa kikawa kizito vilevile.

Siku ya kuvishwa cheo ikafika. Liwali akasema mbele ya watu, "Sheikh, ubeti huu ni wako?"

"Mola akuhifadhi, ewe liwali. Sijui."

Watu wakaguna. Wako wanaodhani neno hilo ni jepesi. Basi na walijaribu mbele ya liwali, na joho la cheo limekwisha kukunjuliwa! Liwali akakunja uso, na joho akavishwa mwingine.

Sheikh akarejea nyumbani moyo umemwinama. Alipokaribia mlango alisikia jiwe la kusagia likizunguka, na sauti ya mkewe, Bi Rukiyabi, ikiimba ubeti uleule.

"Mama Huseni, umeupata wapi huo?"

"Nimeutunga mwenyewe, bwana wangu, tulipomzika Huseni wetu. Nilikuwa nikisaga mtama, machozi yakidondokea unga. Wanawake niliosaga nao wakaushika, wakaenda nao walikoolewa huko vijijini. Kwani nimekosea?"

"Lakini umeufunga kwa muhuri wangu!"

Bi Rukiyabi akasimamisha jiwe, akamtazama kwa mshangao. "Muhuri gani? Miaka yote nakusikia ukimwita Mola hivyo. Mimi nilidhani ni jina Lake. Sikujua ni lako."

Sheikh akaketi chini penye unga, akalia kwa haya na kwa furaha. Kisha akainuka, akamwendea liwali, akamwambia kwamba mwenye ubeti amepatikana, naye anasaga mtama nyumbani kwake. Akarudi, na tangu siku ile akawa akifuma karibu na jiwe lile ili asikie.

Ndugu zangu, tazameni "sijui" ilivyomwokoa. Angesema "ni wangu", angekuwa amevaa joho lililofumwa kwa machozi ya mama wa mwanawe. Mola atulinde tusijiandikie kilicho Chake. Amin.